Shavu lililovimba si alama ya ushujaa

Mkulima wa Bungoma hatii jembe mpini wowote tu. Mtu mrefu akilima kwa mpini mfupi, jioni atalia mgongo. Mwendesha baiskeli naye hupandisha au hushusha kiti mpaka miguu ikanyage vizuri. La kushangaza ni kwamba anayejifunza mchezo wa kulenga visahani kwa bunduki ya marisau, ile ambayo wengi huiita shotigani, hupewa bunduki yoyote iliyopo. Akiumia shavu, huambiwa atazoea.

Mimi kama daktari naupinga ushauri huo.

Katika mchezo huu mtambo hurusha kisahani chenye upana wa milimita 110. Mpigaji huwa ameegemeza kitako cha bunduki begani na shavu lake juu ya kitako hicho. Anapofyatua, bunduki hurudi nyuma kwa kishindo. Shavu likiwa limekaa imara, kichwa na bunduki huenda pamoja na maumivu huwa kidogo. Lakini kitako kikiwa chini mno, mpigaji huinua kichwa ili aone, na mbao humgonga kwenye mfupa wa shavu. Kikiwa kirefu mno, huteleza kutoka begani hadi mkononi. Kikiwa kifupi mno, kidole gumba humpiga puani.

Bunduki nyingi hutengenezwa kwa vipimo vya mwanamume wa kimo cha wastani. Mwanamke au kijana mwembamba hana kosa lolote ikiwa haimfai.

Hasara haiishii shavuni. Mwili uliopigwa hujifunza kuogopa. Mpigaji hufumba macho na kushtuka kabla ya kufyatua. Mtu aliyefumba macho akiwa na bunduki mkononi ni hatari kwa wenzake.

Msomaji huenda akauliza: tunasumbuliwa na malaria na ajali za barabarani, yanini kuzungumzia mchezo wa watu wachache? Ni kweli, huku Kitale na Bungoma wapigaji si wengi. Hata hivyo, jeraha linaloweza kuzuiwa kwa kupimwa tu halina sababu ya kutokea.

Kabla ya kupima, hakikisha bunduki haina risasi. Iweke begani macho yakiwa yamefumbwa, laza shavu, kisha fumbua. Jicho linapaswa kuwa sawa na mstari wa juu ya mtutu, bila kukunja wala kunyoosha shingo. Kitako kikiwa chini, kuna mito midogo ya kuvalishwa juu yake. Kikiwa kifupi, huongezwa mpira nyuma. Usimpelekee seremala wa mtaani akichonge. Bunduki ni ya kushikwa na mwenye leseni pekee.

Masikio nayo yasisahauliwe. Mlio wa bunduki hii hupita desibeli 140, na hata mlio mmoja waweza kuharibu usikivu kabisa. Dawa ya kuurudisha hakuna. Vaa vizibo vya masikio na miwani ya kukinga macho, kila mara.

Shavu likishaumia, pumzika na uweke kitambaa chenye maji baridi kwa dakika 10 hadi 15. Kwenye ngozi nyeusi jeraha huenda lisionekane vizuri, kwa hivyo ligusegusе uone kama limevimba au linauma. Ukiona vitu viwili viwili, ukifa ganzi chini ya jicho, au meno yakikosa kukutana sawasawa, usingoje kesho. Huenda mfupa umevunjika. Mwenye kutumia dawa za kuzuia damu kuganda, au aliyefanyiwa upasuaji wa jicho, amwone daktari wake kabla ya kuanza mchezo huu.

Wakufunzi nao nawaomba jambo moja: mpimeni mwanafunzi kabla ya kumpa risasi ya kwanza. Viatu hupimwa dukani, sembuse bunduki?