GOLI MILIONI 5, KINENA SENTI NGAPI?

Februari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliahidi shilingi milioni 5 kwa kila goli la Simba na Yanga katika mashindano ya Afrika. Wananchi tukapiga makofi. Haya, tuwaulize wakubwa: kijana wa ndondo kule wilayani akiumia kinena, anatolewa ahadi gani?

Yanayompata tunayajua. Maumivu huanza kidogo pale paja linapoungana na tumbo, akigeuka ghafla au akipiga pasi ya ndani ya mguu. Mtaani ataambiwa ni ngiri, ni mshipa, au karogwa na wapinzani. Zahanati atapewa panado na kuambiwa apumzike. Atapumzika mwezi, maumivu yatatulia, atarudi uwanjani, na wiki ya pili yuko chini tena. Hapo mtafuta vipaji keshachukua vijana wengine na kwenda zake.

Mwaka 1999 jarida la tiba la Lancet, la Uingereza, lilichapisha utafiti wa Denmark juu ya wanamichezo 68 wenye maumivu sugu ya kinena yatokanayo na misuli ya ndani ya paja. Kundi moja lilichuliwa, likanyooshwa misuli na kuwekewa mashine. Kundi la pili lilifanyishwa mazoezi ya kuimarisha misuli hiyo na ya tumbo kwa wiki 8 hadi 12. Waliorudi michezoni kama zamani bila maumivu, kundi la kuchuliwa ni 4. La mazoezi ni 23!

Mazoezi gani hayo? Mojawapo ni kulala chali, kubana mpira kati ya miguu kwa sekunde 30, kuachia, mara 10. Halafu kati ya magoti. Mpira ule ule wa ndondo, jamani. Mwaka 2019 Wanorwe nao wakaonyesha kwamba zoezi moja tu, la kulala ubavu mwenzako akikushikilia mguu wa juu, lilipunguza hatari ya matatizo ya kinena kwa asilimia 41. Hapo bajeti ya nini?

Bajeti ni ya mtu. Si kila kinena kinachouma ni misuli. Huenda ni ngiri kweli, huenda ni nyonga, na ngiri haiponi kwa kubana mpira. Anatakiwa mtaalamu wa kupima, wa kusema leo punguza, wiki ijayo ongeza, bado usipige mashuti. Watu hao wanafundishwa hapa hapa nchini, KCMC Moshi, miaka mingi sasa. Wakihitimu wanaajiriwa wapi? Na si wachezaji tu wanaowangoja. Yupo mzee aliyepooza upande mmoja, yupo mama aliyevunjika nyonga, hao hata makofi hawapigiwi.

Serikali ya CCM ilishangilia mwaka 2023 tulipopewa kuandaa Kombe la Afrika la 2027 pamoja na Kenya na Uganda. Fedha za viwanja zikapatikana haraka. Goli moja la milioni 5 lingelipa mshahara wa mtaalamu huyo miezi kadhaa. Basi Waziri wa Afya asimame bungeni, ataje wilaya kwa wilaya: ni hospitali ipi inaye, na ipi haina. Tutaichapa orodha hiyo hapa, nzima.