Ati Michoro Yetu ni ya Kijapani

Rafiki yangu hapa Chechelesi anachora kwa wino mweusi: wapiganaji wenye mikuki, ngamia wenye mabawa, majini yanayotoka Ewaso Nyiro. Mistari amejifunza kwa Kentaro Miura, yule wa Berserk. Alipeleka kazi kwa shirika moja linalofadhili wasanii vijana. Jibu likaja: nzuri, lakini ni ya Kijapani, lete kitu cha Kiafrika. Yaani machweo, mti wa mgunga na mama mwenye mtungi. Pesa ikaenda kwa mwenye mtungi.

Mimi niliacha chuo, sina digrii ya sanaa, lakini hata mimi naona hoja hii haisimami.

Hao Wajapani wenyewe walitoa wapi? Miura alianza Berserk mwaka 1989, akajaza kurasa mashujaa wa deraya na ngome za Ulaya. Ile bluu ya Wimbi Kubwa la Hokusai ilibuniwa Berlin. Aubrey Beardsley alichora Salome ya Oscar Wilde, 1894, akifuata wazi michoro ya Kijapani, na leo anahesabiwa msanii wa Uingereza bila maswali. Osamu Tezuka alianza kuchora simba mweupe wa Afrika mwaka 1950. Nani huku aliombwa ruhusa?

Tena sisi tuliwatangulia. Mwaka 1415 Malindi ilipeleka twiga China. Huko twiga aliitwa qilin, mnyama wa hadithi zao. Ndugu zake tunawapita Buffalo Springs bila hata kugeuza shingo.

Barabara ya Isiolo hadi Merille ilijengwa na kampuni ya Kichina. Sijaona afisa akikataa kuipita kwa kuwa si ya Kiafrika. Ila kijana akiazima mstari wa brashi, ndipo tunakumbuka utamaduni!

Mtasema kuna kuiga tupu. Kweli, kupo: sare za shule za Tokyo, maua ya sakura katikati ya vumbi la Isiolo. Hiyo isuteni, lakini isuteni kwa uvivu wake, si kwa asili yake. Kisha mtazame ngamia wa rafiki yangu anavyotua: magoti ya mbele kwanza, mabawa yakiwa bado juu. Hilo hakulipata kwa Miura. Amekua akiliona.

Wafadhili, kagueni mkono wa mchoraji. Kabila la mstari wake haliwahusu.