Masikio yakivuma, na kaswende ipimwe

Wadau, leo tuongelee masikio. Sisi watumiaji wa Barabara ya Morogoro tukisikia Tumbi, akili inakimbilia majeruhi wa ajali. Lakini hospitali hiyo ya mkoa wa Pwani, kama nyingine nchini, inahudumia pia watu wanaoishi na VVU. Sasa chukulia mmoja wao anaanza kulalamika: masikio yanavuma, moja limeziba ghafla, akisimama anayumba.

Mtaani majibu yako tayari. Ni makali ya ARV. Ni ugonjwa wenyewe. Karogwa huyo! Ni wachache watakaotaja kaswende, ile ambayo wazee waliiita sekeneko.

Wengi tunaijua kama kidonda cha sehemu za siri kinachopona chenyewe. Kidonda hupona kweli, ila vijidudu hubaki. Vinaweza kuingia sikio la ndani, mahali panapoongoza usikivu na mizani ya mwili, na hilo hutokea katika hatua yoyote ya ugonjwa. Na kwa kuwa kaswende na VVU hupita njia moja, si ajabu mtu mmoja kuwa navyo vyote viwili.

Kinachouma ni kwamba tiba ipo: penisilini, iliyoanza kutumika kwa kaswende mwaka 1943. Ugonjwa ukishafika sikioni, sindano moja ya tako haitoshi. Dawa hupitishwa kwenye mshipa kwa siku 10 hadi 14. Ukichelewa, usikivu unaweza usirudi. Na dereva wa bodaboda asiyesikia honi, anayepata kizunguzungu kwenye kona, ataifikia Tumbi kama majeruhi.

Nchi hii ilishaifundisha dunia. Utafiti wa Mwanza uliochapishwa 1995 ulionyesha kwamba kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Leo mjamzito akienda kliniki, kupimwa kaswende ni sehemu ya huduma. Wanaume je? Na wanawake wasio wajawazito?

Maoni yangu: kila anayetumia ARV apimwe kaswende mara kwa mara, asisubiri kidonda. Na akilalamikia masikio au kizunguzungu, apimwe siku hiyo hiyo.

Nawe msomaji, usiache ARV kwa kudhani ndizo zinazokuziba masikio. Nenda, sema, pimwa, na mwenzako naye apimwe. Aibu haijawahi kumrudishia mtu usikivu.