Supu ya nyama na maharage ndani ya kapu

Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapotimia kumi na tano, maji hupwa sana kabla ya adhuhuri, na akina mama wengi wa Mlingotini huwa pwani katika mashamba yao ya mwani. Arudipo mmoja wao, nguo zimelowa na mgongo wauma, hungojwa na watoto wenye njaa na jiko lililopoa. Maharage makavu yataka saa mbili za moto au zaidi. Nyama ya mguu wa ng'ombe, yenye mfupa na mishipa, nayo haitaki haraka. Ndiyo sababu juma hili twazungumzia kapu.

Twaa kapu kubwa la ukili, tandika ndani sufi au nguo kuukuu zilizofuliwa, unene wa vidole vinne pande zote, kisha shona mto wa kufunikia juu. Sufuria iliyochemka barabara, yenye mfuniko unaobana, ikizikwa humo huendelea kuivisha kwa joto lake yenyewe. Mkaa unaoulipia ni wa mwanzo na wa mwisho tu.

Lakini lipo jambo la hatari. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili iitwayo lektini, nayo huondolewa na maji yanayotokota. Joto la nyuzi 80 haliiondoi, na laweza hata kuizidisha nguvu. Punje nne au tano mbichi zaweza kumtapisha na kumharisha mlaji ndani ya saa chache. Basi mwenye kutia maharage yasiyochemshwa kapuni, au katika ile sufuria ya umeme ya kupikia polepole ambayo jamaa hutuletea kutoka Muscat, anawapikia wanawe ugonjwa.

Baada ya Isha, chambua nusu kilo ya maharage, yaoshe, yaloweke katika maji mengi. Kazi hii haihitaji ufundi, na mume aliyetoka msikitini aweza kuifanya. Baada ya Alfajiri mwaga maji hayo, tia mapya, yatokote kwa nguvu dakika 30. Wakati huohuo chemsha kilo moja ya nyama, uondoe povu, utie tangawizi, kitunguu saumu, pilipili manga na bizari nyembamba. Changanya vyote, vitokote pamoja dakika 10 nyingine, funika, uzike kapuni papo hapo. Sufuria iwe imekaribia kujaa, kwani iliyojaa nusu hupoa upesi. Iache saa nne au tano, na watoto wakatazwe kufunua. Nyanya na ndimu zisubiri, maana uchachu huyazuia maharage kulainika.

Maji yapungue kidogo kuliko ya jiko la wazi, kwa kuwa kapuni hayapotei kwa mvuke. Imam Muslim amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alimuusia Abu Dharr, radhi za Allah ziwe juu yake, apikapo mchuzi azidishe maji na kuwaangalia majirani zake. Wengi tunaisimulia hadithi hii kwa ajili ya jirani, na ni haki. Hatutazami kwamba aliyeambiwa "upikapo" alikuwa mwanamume. Kwa mpishi wa kapu, maji ya jirani yatiwe mwanzo, yachemke pamoja na nyama. Yakizidishwa wakati wa kupakua, jirani hupewa maji ya moto yenye harufu ya supu.

Kapu lisilazwe na chakula usiku kucha. Supu ikishakuwa vuguvugu, vijidudu huzaliana humo, hata kama haijanuka. Ifunuliwe ingali moto, irudishwe jikoni itokote tena, ndipo itiwe nyanya zilizokatwa, chumvi na ndimu. Maharage yatakuwa yanapasuka na nyama inaachana na mfupa. Muhogo wa kuchemsha wafaa nayo kuliko mkate.