Mwanao Anataka Kusomea Sanaa?

Je, mwanao amekataa uhasibu, anataka chuo cha sanaa? Usikimbilie kumfokea. Muulize kwanza: huko atafunzwa kuchora tu, au pia kufinyanga, kufuma na useremala?

Anni Albers alijiunga na chuo cha Bauhaus, Ujerumani, mwaka wa 1922. Wanawake wengi pale walisukumwa kwenye ufumaji, naye akauingia shingo upande, kwani aliona nyuzi ni kazi hafifu. Mwaka wa 1949, vitambaa vyake vilifanyiwa maonyesho ya peke yake katika Museum of Modern Art, New York.

Basi mzazi, kabla ya kulipa karo, tembeleeni karakana pamoja. Mwache aguse udongo, mbao na nyuzi. Mchagua jembe si mkulima.