Picha ya Kutazama Si Picha ya Kukatia



Mimi ni fundi cherehani. Nilimaliza skuli nikaenda kozi ya ushoni, na siku hizi, mbali na kushona, nauza vitabu vya mafunzo vya kusomea kwenye simu. Leo nina ungamo.

Katika kitabu kimoja niliweka mchoro wa shingo ya gauni la nikahi, nusu yake, nikaandika chini: "Saizi halisi, chora juu yake." Nilipima kwa futi kwenye kioo cha simu yangu, sentimita 6 barabara. Dada mmoja akakifungua kwenye tableti. Mchoro ukatanuka kufuata kioo, ukafika sentimita 11. Akachora, akakata kitambaa chake cha harusi. Shingo ikawa wazi mpaka mabegani. Shingo ndogo unaipanua, lakini iliyokwisha kuwa pana utairudishaje? Nilimlipa kitambaa, ila zile wiki mbili za wasiwasi kabla ya nikahi sikuweza kumlipa.

Wenzangu wa biashara waliniambia, "Si kosa lako, mteja angepima mwenyewe." Mimi sikubali. Dini yetu ina sura nzima, Al-Mutaffifin, inayoanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo. Sikukusudia kupunja, lakini aliyeandika "saizi halisi" ni mimi. Kipimo ni amana ya muuzaji.

Kitabu cha EPUB hakina ukurasa mmoja maalumu. Maneno na picha hujipanga upya kulingana na kioo. Kwa hiyo picha za kutazama, kama mishono, hina au mapambo ya ukumbi, ziandikiwe upana kwa asilimia: 100 kwa picha kubwa, 50 au 60 kwa ndogo. Ukiweka namba ya pikseli isiyobadilika, picha inaweza kukatika ukingoni kwenye simu ndogo, na kwenye tableti ikawa kama stempu. Urefu uache ujipange wenyewe, la sivyo biharusi atavutika uso kama chapati.

Picha ya kukatia ni jambo jengine kabisa. Hiyo isitegemee kioo cha mtu yeyote. Itolewe kwa PDF ya karatasi ya A4, na pembeni pawe na mraba wa sentimita 5 kwa 5. Mteja achapishe kwa asilimia 100, bila kuiruhusu kompyuta ipunguze ukurasa uenee kwenye karatasi, kisha aupime ule mraba kwa futi. Ukipungua hata kidogo, asishike mkasi.

Vipimo vyenyewe viandikwe pia kwa maneno chini ya mchoro, si ndani yake. Msomaji akikuza herufi, maandishi ya ndani ya picha hayakui pamoja nazo. Tena usiseme "kata kwenye mstari mwekundu", kwani Kindle nyingi huonyesha nyeusi na nyeupe tu. Tumia mstari wa vitone.

Na kabla ya kuuza, azima vifaa. Simu ndogo ya mdogo wako, tableti ya wifi yako, kompyuta ya jirani. Fungua kitabu kote huko, ukurasa kwa ukurasa. Kosa langu lilikuwa kuamini simu yangu peke yake.

Nawe biharusi unayenunua, una haki ya kumuuliza muuzaji: "Mchoro huu ni wa kutazama au wa kukatia?" Akibabaika, usikate kitambaa. Futi yako iwe na neno la mwisho, si kioo.

Allah azitilie baraka biashara zetu na harusi zenu. Amin.