Paka naye apelekwe kwa bwana mifugo

NDUGU MHARIRI,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wafugaji wenzangu, pamoja na wakubwa wa idara ya mifugo, juu ya paka. Najua wapo watakaocheka. Hata mimi nilichekwa.

Mwaka jana mjukuu wangu aliumwa mkononi na paka ambaye hatukumjua mwenyewe. Paka huyo hakuonekana tena. Tuliliosha jeraha kwa sabuni na maji ya kutiririka kwa dakika 15, kama inavyoshauriwa, kisha ikawa mbio za kutafuta sindano. Sindano hizo si moja, ni ghali, wala hazipatikani katika kila zahanati. Na kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, mtu haponi. Siku zile nyumba nzima hatukulala.

Basi chanjo ilipotangazwa kwa kipaza sauti hapa kwetu Nzega, nilimtia paka wangu katika tenga la kuku, nikalifunga juu kwa kanga ya mke wangu na kulipakia nyuma ya baiskeli. Njia nzima analia, na watu wananiuliza kuku bei gani. Nilipofika nikakuta mbwa wamejaa na kamba zao. Kijana wa sindano aliniamkia vizuri, kisha akasema, "Mzee, leo tunachanja mbwa." Waliokuwepo wakaangua kicheko. Bahati yangu mkubwa wake alikuwa karibu, akamwambia dawa ni ile ile. Alimchanja yeye mwenyewe, akamtazama masikio na meno, akakuta viroboto. Akanishauri nimpe dawa ya minyoo na nimrudishe baada ya mwaka, nisingoje augue.

Kosa nadhani limo katika jina. Tunauita ugonjwa huu kichaa cha mbwa, basi kila mtu anadhani paka hahusiki. Ni kweli kwamba karibu watu wote huupata kwa mbwa. Lakini paka aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa huugua naye, na akiuma huambukiza vile vile. Tena mbwa wetu hulala nje. Paka hulala kitandani na watoto. Huku tunakolima mpunga na mahindi, nyumba isiyo na paka panya hula nafaka na magunia yenyewe. Ng'ombe akikohoa mara moja tunamkimbilia bwana mifugo, lakini huyu mlinzi wa ghala hata umri wake hatuujui. Chanjo yenyewe si jambo geni: Louis Pasteur wa Ufaransa alimchanja mtoto aliyeumwa na mbwa tangu mwaka 1885.

Ninaomba mambo mawili. Watangazaji wapitapo mitaani, hasa inapokaribia tarehe 28 Septemba ambayo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, watamke "mbwa na paka". Na paka watengewe saa yao, maana kumleta paka katikati ya mbwa wengi ni kumpoteza. Wangu, mara baada ya kuchanjwa, aliichana ile kanga akaruka, ikabidi kijana yule yule wa sindano apande mwembe kumshusha. Kanga hiyo mke wangu bado ananidai.

Mkulima,
Nzega, Tabora.